Saa Isiyofika Isha

Betri ya saa janja ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Galaxy Watch 4 ya milimita 40, kwa mfano, ina betri ya mAh 247, wakati simu nyingi zinazopangwa kwenye maduka ya Darajani na Mlandege, mjini Unguja, zina mAh 5,000. Simu moja ina betri za saa ishirini, na bado mwenye simu analalamika. Kwa akiba hiyo ndogo saa hutakiwa kuwasha kioo cha rangi kinachosomeka juani, kuwasiliana na simu kutwa kucha, kupima mapigo ya moyo, kuhesabu hatua na kutetema kila ujumbe unapoingia. Ikizima kabla ya isha, mwenyewe husema imeharibika au ameuziwa feki. Pengine kweli ameuziwa feki. Mara nyingi, hata hivyo, hakuna kilichoharibika: saa imefanya kazi iliyoagizwa, na chaji ikaisha.

Ukubwa wa kazi hiyo unaonekana vizuri saa janja ikiwekwa kando ya Casio F-91W, ile saa nyembamba ya plastiki iliyotoka mwaka 1989 na ambayo mpaka leo iko mikononi mwa wanafunzi wa skuli, madereva wa daladala na wazee wa barazani. Betri yake ni kidonge cha CR2016 chenye nishati isiyofikia theluthi ya ile ya saa janja, nacho hukaa takriban miaka 7. Saa janja humaliza mara tatu ya nishati hiyo kwa siku moja au mbili. Casio haitafuti mtandao wala haipimi moyo wa mtu. Huonyesha saa, na taa yake huwaka pale tu kidole kinapobonyeza. Kwa hiyo njia kuu ya kuifanya saa janja ikae na chaji ni kuipunguzia kazi ambazo mwenyewe hazihitaji. Nyingine zote ni nyongeza, isipokuwa namna ya kuchaji, ambayo ina kanuni zake na kwa Unguja ina nafasi zake.

Gharama ya umeme haimo katika hesabu hii. Saa inayochajiwa kila siku, hata ukiongeza nishati inayopotea kwenye chaja, kwa mwaka mzima haimalizi uniti moja ya Tukuza. Kinachotafutwa ni mambo mawili: saa iwe hai pale inapohitajika, na betri isizeeke kabla ya wakati wake. Ni mambo tofauti. Anayejaza saa yake mpaka asilimia 100 kila usiku anapata la kwanza kwa kulipunguza la pili, na wauzaji wachache humwambia hivyo.

Kioo ndicho mlaji mkubwa. Unguja iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, na jua la mchana hupita karibu utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba. Saa yenye kipimo cha mwanga huongeza mng'ao wake mpaka mwisho kila mwenyewe anapotoka kivulini, na matoleo ya bei kubwa sasa hufika niti 2,000 au 3,000. Mtembeza wageni anayeshinda Forodhani au pwani ya Paje hana budi kulipia mwanga huo. Anayefanya kazi ndani ya ofisi Vuga au Kilimani hana sababu ya kuuacha juu. Ngazi ya pili au ya tatu kwenye mipangilio inamtosha.

Aina ya kioo nayo ina neno. Kwenye kioo cha AMOLED kila nukta hujiwashia mwanga wake, na nukta nyeusi haitumii kitu. Sura nyeusi yenye tarakimu chache kwa hiyo huokoa chaji kweli. Kwenye kioo cha LCD, kilichomo katika saa nyingi za bei ya chini, taa ya nyuma huwaka yote hata kama sura ni nyeusi tupu, na kubadilisha rangi hakusaidii chochote. Njia ya kuzitenganisha ni rahisi: saa iwashwe chumbani usiku, taa zimezimwa, ikiwa na sura nyeusi. Weusi ukipotelea kwenye kiza, ni AMOLED. Ukionekana kama kijivu kinachong'aa mpaka pembeni, ni LCD, hata sanduku liandike nini.

Halafu kuna ile hali ya kioo kisichozima kabisa, ambayo Apple iliileta kwenye Series 5 mwaka 2019 kwa kioo kinachoweza kupunguza kasi yake hadi kujichora mara moja tu kwa sekunde. Ni ustadi mzuri wa kihandisi uliotatua shida ambayo watu wengi hawakuwa nayo. Kuizima ndiyo hatua moja yenye faida kubwa kuliko zote, na kwa baadhi ya saa huweza kuongeza siku nzima. Jirani yake ni kioo kuwaka mkono unapoinuliwa. Saa haijui mkono umeinuliwa kwa sababu gani: kutazama saa, kula urojo, kushika mlingoti wa daladala au kufunga takbira. Ndani ya sala ya rakaa nne kioo kinaweza kuwaka mara kadhaa, kikamsumbua na aliye safu ya nyuma. Kuacha kioo kiwake kwa kuguswa tu huondoa usumbufu na matumizi kwa pamoja.

Baada ya kioo huja arifa, na hapa matangazo ya watengenezaji hutofautiana sana na maisha ya watu. Kwa miaka mingi Apple ilitangaza kuwa saa yake hukaa saa 18, na maelezo madogo ya chini yalieleza siku hiyo ilikuwaje: kutazama saa mara 90, kupokea arifa 90, kutumia programu kwa dakika 45 na kufanya mazoezi kwa dakika 60 huku muziki ukipigwa kutoka kwenye saa. Hakuna ujanja hapo, maana vipimo vimeandikwa. Lakini mtu aliyemo kwenye grupu la ukoo, la mtaa, la madrasa, la kazini na la harusi mbili zinazokuja hupata arifa 90 kabla ya adhuhuri, nyingi zikiwa "amin" na "masha Allah". Kila moja huwasha redio ya Bluetooth, huzungusha kijimota cha mtetemo na huwasha kioo. Dawa yake iko kwenye simu, katika programu ya saa, ambapo mtu huchagua zipi zipite: simu zinazoingia, ujumbe wa M-Pesa, na pengine watu wachache. Magrupu yabaki simuni. Saa inayotetema kwa kila kitu baada ya wiki moja haitazamwi tena.

Bluetooth yenyewe si mlaji mkubwa. Toleo la matumizi madogo ya nishati, lililokuja na Bluetooth 4.0 mwaka 2010, ndilo lililozisaidia saa janja kukaa na chaji. Tatizo ni mawasiliano yanapokatika, na Mji Mkongwe una namna yake ya kuyakata. Nyumba zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zikiwa na unene wa nusu mita na zaidi, na upana wa vyumba ukipangwa na urefu wa boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo huuweka ubaridi ndani wakati wa kaskazi, na huyameza mawimbi ya redio vilevile. Simu ikiachwa kwenye chaji ghorofa ya pili, mwenyewe akiwa jikoni chini au uani, saa hupoteza simu, hutafuta, huipata akipita ngazini, huipoteza tena. Kutafuta kunakula kuliko kuunganishwa. Saa yenye laini yake ya simu au Wi-Fi huzidisha, kwa sababu simu ikipotea huhamia huko. Katika nyumba za mawe ni afadhali Wi-Fi ya saa izimwe kabisa. Anayejua simu itabaki chumbani kwa muda mrefu aiweke saa kwenye hali ya ndege. Itaendelea kuhesabu hatua na kuonyesha wakati, na hesabu zitahamia simuni baadaye bila kupotea.

Vichochoro vina tabia hiyohiyo kwa GPS. Setilaiti zake zinazunguka kilomita 20,200 hivi juu ya dunia, na ishara inayofika chini ni dhaifu mno. Kwenye uwazi wa Maisara au Mnazi Mmoja saa huona setilaiti za kutosha kwa sekunde chache. Katika kichochoro cha Kiponda au Sokomuhogo, ambapo mbingu imebaki ufito kati ya kuta mbili za ghorofa tatu, ishara hufika zikiwa zimegonga ukuta, na ramani ya matembezi huonyesha mtu akipenya majumba na kutokea upande wa pili. Chipu hufanya kazi kwa nguvu zake zote na matokeo hayafai kitu. GPS ikiwa wazi mfululizo humaliza saa nyingi za kawaida kwa muda usiofikia siku, na baadhi kwa saa tano au sita tu. Anayekimbia asubuhi aanze kurekodi akishafika uwanjani au ufukweni, si mlangoni kwake Mkunazini. Anayetembea kwenda sokoni hahitaji GPS. Kihesabu hatua kinamtosha na hakitumii karibu kitu.

Kuna GPS nyingine inayofunguka bila mwenyewe kujua, nayo ni ya programu za nyakati za sala. Nyingi huomba ruhusa ya kujua mahali alipo mtu wakati wote, na huhesabu upya kila mara. Kwa msafiri anayeruka kutoka Zanzibar kwenda Maskati hilo lina maana. Kwa mkazi wa Unguja halina: kisiwa kina urefu wa kilomita 85 hivi, na tofauti ya kuzama jua kati ya Nungwi na Makunduchi haizidi dakika mbili tatu. Mji uandikwe kwa mkono mara moja, ruhusa ya mahali ifungwe, na nyakati zitabaki zilezile. Dira ya kibla ifunguliwe panapohitajika tu. Nyumbani kibla hakihami.

Vipimo vya mwili vinastahili mashaka kidogo. Mapigo ya moyo hupimwa kwa taa ya kijani inayomulika ngozi na kijicho kinachosoma mwanga unaorudi. Mkanda ukilegea, au ngozi ikiwa na kitu kinachomeza mwanga, saa hukosa ishara safi, na nyingine hujibu kwa kuongeza nguvu ya taa na kupima mara nyingi zaidi. Apple yenyewe imeeleza hivyo kuhusu saa zake, na imetaja kuwa wino wa tatuu unaweza kuzuia mwanga. Piko ya bibi harusi, ikiwa imejaa mpaka kwenye kifundo cha mkono, ni nyeusi kama wino wowote. Mwenye piko avae saa mkono mwingine au azime kipimo kwa siku hizo. Harusi ina mashahidi wa kutosha bila rekodi ya mapigo ya moyo. Kwa wengine, kupima kila dakika 10 kunatosha badala ya kila sekunde, na kipimo cha oksijeni cha usiku kucha kinaweza kuachwa bila hasara. Mgonjwa aliyeagizwa na daktari afuate alivyoagizwa. Katika saa za bei ya chini kabisa vipimo vya presha na sukari si vya kutegemewa hata kidogo, kwa hiyo kuvizima ni kuokoa chaji na kuepuka hofu za bure.

Hayo ndiyo ya matumizi. Upande wa kuchaji mazoea ya zamani yanaharibu zaidi kuliko mipangilio mibaya. Ushauri wa "iache iishe kabisa ndiyo uichaji", na ule wa kuchaji kitu kipya muda wa saa nane kabla ya kukitumia, ulitokana na betri za nikeli za redio na simu za zamani, ambazo zilipunguza uwezo zikijazwa kabla ya kuisha. Betri ya lithiamu, iliyoingia sokoni kupitia Sony mwaka 1991 na kuwapatia John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019, ina tabia ya kinyume. Huumia ikiwa tupu na huchoka ikikaa imejaa, hasa kwenye joto. Inapopumzika vizuri ni katikati, kati ya asilimia 20 na 80. Tena duru ya chaji huhesabiwa kwa jumla: kujaza nusu leo na nusu kesho ni duru moja, si mbili. Anayechaji kidogo kidogo hamalizi betri yake mapema, kama wengi wanavyohofia.

Na kuchaji kidogo kidogo ndiko kunakolingana na siku ya Mzanzibari kuliko maelekezo ya kwenye kijitabu. Anayetia udhu huvua saa, au angalau huisogeza, ili maji yafike ngozini mpaka kwenye kiwiko. Badala ya kuiweka juu ya karo au kuitia mfukoni, aiweke kwenye chaja mpaka amalize kusali. Saa inayojaa kwa dakika 120 hupata karibu sehemu moja ya kumi kwa dakika 12, na zile za kuchaji haraka hupata mara mbili yake au zaidi. Sala tatu zikisaliwa nyumbani, tuseme alfajiri, magharibi na isha, ni asilimia 30 bila kutenga muda wowote. Kwa saa iliyopunguziwa kazi kama ilivyoelezwa, hicho ni chakula cha siku. Jingine linalosaidia ni kuwa betri hupokea chaji kwa kasi ikiwa chini au katikati, na hupunguza mwendo inapokaribia kujaa. Dakika 10 za kutoka asilimia 40 zina thamani kuliko dakika 10 za kutoka 90. Anayesali msikitini hawezi kuacha saa kwenye soketi ya ukuta wa msikiti, ni kweli, lakini kuoga asubuhi na kula chakula cha usiku kunampa nafasi hiyohiyo. Chaja iwe na mahali pake pamoja pasipobadilika, karibu na pa kutilia udhu lakini mbali na maji yanayoruka.

Utaratibu huu una faida ya pili pale umeme unapokatika, kwa sababu saa haitegemei usiku mmoja wa kuchaji. Unguja inapata umeme wake kutoka bara kwa waya wa chini ya bahari unaoanzia Ras Kiromoni na kuibukia Fumba. Waya wa kwanza, wa megawati 45, uliwekwa mwaka 1980. Mei 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mmoja, na kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 giza lilichukua takriban miezi mitatu, watu wakichaji simu kwenye majenereta ya maduka na mahoteli kwa kulipa. Waya wa pili, wa megawati 100, ulianza kazi mwaka 2013, na tangu hapo kukatika kwa muda mrefu namna ile hakujarudi. Kukatika kwa saa mbili tatu kupo, na hutosha kumnyima chaji mtu aliyezoea kuchaji usiku akilala.

Pawabenki ya mAh 10,000 inaweza kujaza saa zaidi ya mara kumi, na kwa mwenye saa janja ni kinga bora kuliko jenereta la jirani. Ina kasoro moja inayowachanganya watu. Saa huvuta mkondo mdogo mno, na pawabenki nyingi zimetengenezwa kujizima zikiona mkondo umepungua kiasi hicho, zikidhani hakuna kilichochomekwa. Mtu huiacha saa kwenye pawabenki usiku, asubuhi huikuta na asilimia tatu zaidi ya jana. Baadhi zina hali ya mkondo mdogo, inayowashwa kwa kubonyeza kitufe mara mbili au kukishikilia. Zisizo nayo hudanganywa kwa kuchomeka simu kwenye tundu la pili wakati uleule. Mashamba, hasa kaskazini ya kisiwa, taa za sola zilizofungwa na akinamama waliosomeshwa ufundi huo katika kituo cha Barefoot College pale Kinyasini huwa na tundu la kuchajia simu. Saa hupata humo inachotaka na kubakisha.

Joto na chumvi ndivyo vinavyozeesha saa za Unguja mapema. Apple hupendekeza saa zake nyingi zitumike kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35. Alasiri ya Februari, kaskazi ikiwa imetulia, hewa ya mjini hufika nyuzi 32 au 33, na kuchaji kwenyewe huongeza nyuzi kadhaa ndani ya saa, hasa kwa chaja zisizo na waya. Nafasi iliyobaki ni finyu. Chini ya mabati yasiyo na dari kule Ng'ambo haibaki kabisa wakati wa mchana, na ndani ya gari lililofungwa juani joto hupita nyuzi 50. Vipimo vinavyotumiwa sana kuhusu betri za lithiamu vinaonyesha kuwa betri iliyojazwa na kuhifadhiwa mwaka mzima kwenye nyuzi 40 hubaki na karibu asilimia 65 ya uwezo wake, wakati iliyohifadhiwa na chaji ya asilimia 40 kwenye nyuzi 25 hubaki na asilimia 96 hivi. Kujaa pamoja na joto ndiyo hali mbaya. Saa ichajiwe alfajiri au usiku, juu ya sakafu au meza, kamwe si kitandani juu ya godoro wala chini ya mto. Saa ya akiba iliyomo kabatini isijazwe wala isiachwe tupu. Nusu inatosha, iangaliwe kila baada ya miezi michache.

Chumvi hushambulia vile vidoa vidogo vya chuma vilivyo nyuma ya baadhi ya saa zinazochajiwa kwa sumaku. Jasho au maji ya bahari yakibaki pale na umeme ukapita, chuma huliwa, huanza weusi au ukijani, kisha chaji huingia kwa kusuasua. Mwenyewe hudhani betri imekufa, kumbe mlango umeziba. Wanaoshinda majini, wawe wapiga mbizi wa Mnemba, vijana wa michezo ya upepo Paje au akinamama wa mwani Jambiani na Bwejuu, waisuuze saa kwa maji baridi yasiyo chumvi, waifute, na waiache ikauke kabla haijagusa chaja. Ikishaanza kutu, mswaki mkavu uliolainika hutoa sehemu kubwa. Kisu na msasa huondoa rangi ya kinga na kuharakisha maangamizi.

Kwa anayenunua sasa, uamuzi wa dukani una uzito kuliko mipangilio yote iliyotajwa. Saa zenye mfumo kamili wa programu, kama Apple Watch na Galaxy Watch, hukaa siku moja hadi mbili. Zile zenye mfumo mwepesi, kama Huawei Watch GT na Amazfit Bip, hutangazwa kwa siku 14 na zaidi, na hata ukikata theluthi ya tangazo bado ni wiki nzima. Mtu anayetaka hatua, arifa na kengele ya kumwamsha daku hana anachokosa kwenye kundi la pili. Wanaofanya kazi juani wana njia ya tatu isiyojulikana sana hapa: vioo vinavyotumia mwanga wa jua wenyewe kusomeka, vilivyomo katika baadhi ya saa za Garmin. Instinct 2 Solar ya mwaka 2022, ambayo hujichaji pia kwa jua, hutangazwa kuwa haiishiwi chaji kwa matumizi ya kawaida ikipata saa tatu kwa siku za mwanga wa laksi 50,000, na jua la utosini la Unguja hupita laksi 100,000. Bei yake ni kubwa. Kwa saa zinazoiga umbo la Apple na kuuzwa kwa bei ya kutupa, namba ya mAh iliyoandikwa kwenye sanduku isipewe uzito wowote.

Hatimaye kila betri huchoka. Apple hukadiria saa zake hubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya duru 1,000. Nyingi nyingine hufika hapo mapema zaidi. Dalili ni saa kuruka kutoka asilimia 30 hadi kuzima, au kufika adhuhuri tu kwa kazi ileile iliyokuwa ikiifikisha kesho yake. Kioo kikianza kuinuka upande mmoja, betri imevimba. Hapo isichajiwe tena hata mara moja. Mafundi wa simu wa Darajani huweza kubadilisha betri za saa nyingi, kazi inayotaka joto la kulainisha gundi na mkono usiotetemeka, lakini saa iliyofunguliwa isihesabiwe tena kuwa inahimili maji, hata fundi akiapa. Baada ya hapo ivuliwe kabla ya udhu na kabla ya bahari. Betri ya zamani isitobolewe, isikunjwe, wala isitupwe kwenye taka zinazochomwa uani, kwa sababu lithiamu iliyopasuka huwaka moto mkali wenye moshi wa sumu. Ibaki kwa fundi, ifungwe utepe kwenye ncha zake na kuwekwa mbali na kitu chochote kinachoshika moto.